Kifungu cha vioo kiwe cha lazima kwenye kila bima kubwa

Lori la kokoto linapotoka machimbo ya Lugoba kuja Dar es Salaam bila turubai, kila gari lililo nyuma yake limo hatarini. Kijiwe kimoja kinaruka, kinagonga kioo cha mbele cha gari linalofuata, na kabla dereva hajafika Kibaha ufa umeshatambaa kutoka upande wa abiria hadi mbele ya macho yake. Mwenye gari anajipa moyo kwa jambo moja: gari lake lina bima kubwa. Anampigia wakala simu akiwa na uhakika kwamba bima inayoitwa kubwa haiwezi kushindwa na kioo. Wapo wanaolipwa siku chache baadaye bila maneno mengi. Wapo pia wanaoambiwa kwamba kioo kina kikomo chake na bei imekipita, au kwamba ekses, yaani fungu ambalo mteja analibeba mwenyewe kabla kampuni haijalipa chochote, inakaribia bei ya kioo chenyewe, au kwamba kioo hakikuombewa wakati bima inakatwa. Wote hawa walilipa ada ya bima kubwa. Kinachowatofautisha ni kifungu kimoja ndani ya hati ambayo wateja wengi hawaisomi. Hali hii haifai kuendelea, na dawa yake haiko mbali: Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA, pamoja na mamlaka ya bima ya Kenya, IRA, zifanye kifungu cha vioo kuwa sehemu ya lazima ya kila bima kubwa, kwa masharti ya chini yanayofanana kwa kampuni zote, na kiandikwe ukurasa wa kwanza wa hati.

Tuanze na bima ndogo, maana huko jibu ni fupi. Sheria ya bima za magari ya Tanzania, Sura ya 169, na ile ya Kenya, Sura ya 405, zinamlazimisha mwenye gari kukata bima kwa ajili ya madhara atakayowasababishia watu wengine barabarani. Hazimlazimishi kulilinda gari lake mwenyewe. Kwa hiyo mtu aliyelipa shilingi 100,000 za bima ndogo ya gari binafsi, kabla ya VAT, hana cha kudai kioo chake kikivunjika, kiwe kimevunjwa na jiwe, na mwizi au na tawi la mwembe. Anayeongeza moto na wizi juu ya bima ndogo anasogea hatua moja tu: gari likiungua au likiibwa analipwa, lakini jiwe la barabarani halimo katika hayo mawili. Njia inayobaki ni kumdai aliyesababisha. Mzigo wa kokoto ukimwagika kwa sababu haukufunikwa, huo ni uzembe unaoweza kuthibitishwa, na bima ya lori, ikiwa inagharamia mali za watu wengine, ndiyo inayopaswa kulipa. Ila jiwe lililokuwa limelala barabarani likarushwa na tairi ni habari nyingine, kwa kuwa dereva wa lori hakukosea kitu kwa kulikanyaga. Na hata pale penye uzembe, mdai anahitaji namba ya lori, shahidi na taarifa ya polisi, vitu ambavyo mtu aliyeshtushwa na mlio wa jiwe kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa huwa hana.

Kwenye bima kubwa, swali la kwanza la mtathmini ni kioo kimevunjwa na nini, na kila jibu lina mlango wake. Gari likigongana na jingine, kioo kikaenda pamoja na boneti na taa, kioo hakitazamwi peke yake. Kinaingia katika hesabu nzima ya ajali, na ekses ya ajali inakatwa mara moja kwa uharibifu wote. Kioo kikivunjika peke yake kwa jiwe, hapo ndipo kifungu cha vioo kinapofanya kazi, kama kipo. Mwizi akivunja kioo cha mlango usiku ili achukue redio au swichi za vioo, madai yanaweza kugawanyika mara mbili: kioo upande mmoja, vifaa vilivyoibwa upande mwingine, kila upande na kikomo chake, na vifaa vingine visilipwe kabisa kwa kuwa havikutajwa. Ufa unaojitokeza wenyewe kwa sababu fremu imeliwa na kutu, au uliokuwepo kabla bima haijaanza, unahesabiwa kuwa uchakavu, na uchakavu haulipwi na bima yoyote. Ndiyo maana kampuni makini hupiga gari picha kabla ya kulipokea. Mteja naye angefanya vizuri kupiga zake, zenye tarehe, kioo cha mbele kionekane chote.

Mlango unaosahaulika zaidi ni ule wa vurugu. Mwezi Juni 2024, maandamano ya kupinga Muswada wa Fedha nchini Kenya yalipofika hadi ndani ya Bunge tarehe 25, Wakenya wenye magari walikumbushwa tena kile ambacho wengi walikijua tangu ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007: vurugu za kisiasa na ugaidi kwa kawaida ziko nje ya bima kubwa. Hulipiwa kama nyongeza, mara nyingi kwa robo ya asilimia moja ya thamani ya gari. Asiyeichukua nyongeza hiyo anaweza kuwa na kifungu kizuri cha vioo na bado akakosa fidia, kwa sababu chanzo cha uharibifu kimeondolewa kabla hata kioo hakijaangaliwa. Katika vurugu, vioo ndivyo vinavyotangulia kuvunjika, kabla ya bati na kabla ya moto, hivyo pengo hili linawagusa wenye magari wa kawaida waliokuwa wakipita tu kuelekea kazini. Mteja wa Nairobi, Kisumu au Mombasa hawezi kulijua pengo hili kwa kutazama cheti chake, kwa kuwa cheti kinaonyesha aina ya bima na tarehe za kuanza na kuisha, basi.

Sasa tukitazame kifungu chenyewe kwa karibu. Hati nyingi za kwetu zimerithi maneno ya bima za Kiingereza, na kifungu cha vioo kwa kawaida kinataja mambo mawili tu: kuvunjika kwa kioo cha mbele au vioo vya madirisha, na mikwaruzo ya rangi iliyotokana na kuvunjika huko peke yake. Vioo vya pembeni vya kutazamia nyuma, vinavyoibwa kila siku mijini hadi watu wanavichora namba za gari, kwa kawaida havimo. Taa hazimo. Kioo cha paa mara nyingi hakimo. Kisha kinafuata kikomo. Nchini Kenya kampuni nyingi huweka ndani ya ada ya kawaida kiasi cha kati ya shilingi 30,000 na 50,000 za Kenya, na anayetaka zaidi hulipia ziada. Faida kubwa ya kuwa na kifungu hiki ni kwamba mara nyingi madai yake hayakatwi ekses ya ajali wala hayamnyimi mteja punguzo la mwaka bila madai. Pasipo kifungu, kioo kinapita mlango wa ajali ya kawaida, na hesabu inageuka. Tuchukue mfano. Gari lina thamani ya milioni 20 za Tanzania, ada yake kwa asilimia 3.5 ni shilingi 700,000 kabla ya VAT, na mwenyewe ameshajipatia punguzo la asilimia 20. Kioo na ufundi wake ni shilingi 600,000, na mkataba unasema ekses ni asilimia 10 ya madai lakini isipungue 300,000. Kampuni italipa 300,000. Mwakani mteja atapoteza punguzo la shilingi 140,000. Amebaki na nafuu ya 160,000, baada ya taarifa ya polisi, profoma mbili za gereji na siku za kusubiri mtathmini. Haishangazi kwamba wengi huamua kukaa kimya wakalipa wenyewe. Katika hesabu hiyo bima kubwa imekuwepo kwenye karatasi, na gharama imebaki kwa mwenye gari.

Anayesoma hadi hapa anaweza kuuliza kwa nini kioo kipewe heshima ambayo bampa haijapewa. Swali ni la haki, na jibu lake liko kwenye kazi ya kioo cha mbele. Kioo hicho kimetengenezwa kwa tabaka mbili za kioo zilizobandikwa pamoja na utando wa plastiki katikati. Ndiyo maana kikipigwa kinapasuka kama utando wa buibui lakini hakimwagiki. Vioo vya milango na cha nyuma kwa kawaida ni vya aina nyingine, vilivyoimarishwa kwa joto, ambavyo vikivunjika hugeuka chembe ndogo zisizo na makali. Kioo cha mbele kikiwa kimebandikwa sawasawa husaidia kulishikilia paa gari linapopinduka. Kinamzuia aliye ndani asirushwe nje. Kwenye magari mengi, mfuko wa hewa wa upande wa abiria unapofumuka hupanda na kukiegemea kioo hicho ndipo umkinge abiria. Kioo kikiwa kimeshikwa na silikoni ya dukani badala ya gundi yake, kinasukumwa nje na mfuko unakosa pa kuegemea. Gundi halisi ya vioo inahitaji muda wa kukauka kabla gari halijaingia barabarani, na fundi anayejua kazi atamwambia mteja asubiri. Fundi wa bei ya chini hasemi hivyo. Bampa ikifungwa vibaya, gari linapungua kupendeza tu. Kioo cha mbele kikifungwa vibaya, hasara inajulikana siku ya ajali, na anayeilipa ni abiria.

Kuna jambo jipya zaidi ambalo soko letu linaingia bila kulitafakari. Magari yetu mengi hutoka Japani yakiwa yametumika, na Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Maana yake ni kwamba kinachouzwa Tokyo leo ndicho kitakachokuwa Mombasa na Dar es Salaam baada ya miaka michache. Subaru walianza kuuza mfumo wao wa EyeSight, wenye kamera mbili nyuma ya kioo cha mbele, mwaka 2008. Toyota walianza kusambaza Toyota Safety Sense mwaka 2015. Mifumo hii husoma mistari ya barabara na umbali wa gari la mbele kupitia kioo, na kioo kikibadilishwa kamera zinahitaji kupimwa na kurekebishwa upya, la sivyo gari linaweza kufunga breki pasipohitajika au lisifunge panapohitajika. Kioo cha gari kama hilo ni ghali kuliko cha Vitz ya zamani, na urekebishaji wa kamera ni gharama nyingine juu yake. Kikomo cha kiasi kimoja kwa magari yote, kilichowekwa wakati kioo kilikuwa kioo tu, hakiwezi kumtosha mwenye gari hilo, na wakala anayemuuzia bima ya asilimia ya thamani ya gari anapaswa kumwambia kwamba kioo peke yake ndicho kisichofuata asilimia hiyo.

Kwa hiyo ninachopendekeza kina sehemu chache na zote zinatekelezeka. Kila bima kubwa iwe na kifungu cha vioo cha lazima. Kikomo kifuate bei ya kioo cha gari husika pamoja na kurekebisha kamera, badala ya namba moja kwa wote. Kuziba tundu dogo la jiwe kusiwe na ekses hata kidogo. Madai ya kioo peke yake yasiguse punguzo la mteja. Na chanzo kilichoondolewa, kama vurugu za kisiasa, kiandikwe papo hapo kando ya kifungu hicho, kwa Kiswahili, ili mtu anayelipa aone anachokosa kabla ya kutoa pesa. Sehemu ya tatu ina uzito kuliko inavyoonekana. Tundu dogo huzibwa kwa utomvu maalumu unaoingizwa ndani yake ukakaushwa kwa taa, na kazi hiyo haifikii hata kidogo bei ya kioo kizima. Lakini ina muda wake. Mitikisiko ya barabara mbovu, jua la mchana na ubaridi wa kiyoyozi vinalifungua tundu kuwa ufa, na ufa ukishapita urefu fulani hauzibiki tena. Uingereza, katika ukaguzi wao wa kila mwaka wa magari, uharibifu unaozidi milimita 10 mbele ya macho ya dereva, au milimita 40 mahali pengine panapofutwa na waipa, unatosha kuliangusha gari. Mteja anayejua kwamba kuziba ni bure ataenda siku ileile. Anayejua kwamba kuna ekses ya laki tatu atangoja hadi kioo chote kiharibike, na hapo kampuni ndiyo itakayolipa zaidi.

Kampuni za bima zina pingamizi nzito, na mfano wake bora uko Florida, Marekani. Jimbo hilo limeweka kwenye sheria kwamba mwenye bima inayolingana na bima kubwa yetu asitozwe ekses kwa uharibifu wa kioo cha mbele. Kentucky na South Carolina nazo zina sheria za namna hiyo. Lengo lilikuwa zuri, watu wasiendeshe na vioo vilivyopasuka kwa kukosa pesa. Ila Florida iliacha mwanya: mteja aliweza kuikabidhi gereji haki yake ya kudai, na gereji ikaidai kampuni moja kwa moja. Mafundi wakaanza kuwafuata watu kwenye maegesho na sehemu za kuoshea magari, wakiwapa zawadi ili wakubali kubadilishiwa vioo, kisha ankara zikapelekwa zikiwa zimevimba, na kampuni ilipokataa ikashtakiwa. Kesi za vioo zikarundikana mahakamani kwa maelfu. Mwaka 2023 bunge la jimbo likapitisha sheria iliyopiga marufuku zawadi hizo na kukomesha mteja kuikabidhi gereji haki ya kudai fidia ya kioo.

Wanaopinga kifungu cha lazima huishia hapo na kusema, mmeona. Mimi nadhani kisa hicho, kikisomwa hadi mwisho, kinaunga mkono hoja yangu. Florida haikufuta haki ya kutotozwa ekses. Iliyoondolewa ni ile njia iliyowapa gereji nguvu ya kudai kwa jina la mteja, pamoja na vishawishi vyake. Ugonjwa ulikuwa katika namna ya kulipa, wala haukuwa katika kulipwa kwa kioo. Sisi tuna nafasi ya kuanza pale walipofikia wao: gereji ziwe zile zilizokubaliwa na kampuni, mteja atie saini mwenyewe, picha ya uharibifu ipigwe kabla ya kazi, na risiti ya mashine ya kodi iambatane na madai. Udanganyifu upo kwenye bima za magari Tanzania na Kenya leo, vioo viwe na kifungu au visiwe nacho. Haukomeshwi kwa kumnyima haki yake mtu ambaye kioo chake kimevunjwa kweli.

Pingamizi la pili ni la ada. Watasema kwamba kila kitu cha lazima kina bei, na bei hiyo italipwa na wateja wote, pamoja na yule asiyewahi kuvunjikiwa kioo. Ni kweli, na bima yote iko hivyo. Asiyewahi kupata ajali anamlipia aliyepata. La msingi ni ukubwa wa bei hiyo. Kampuni za Kenya zinazotoa kikomo cha 30,000 au 50,000 bila ada ya ziada zimekwisha kuonyesha kwamba kifungu hiki kinabebeka ndani ya ada ya kawaida. Kukifanya kifuate bei halisi ya kioo kutaongeza kitu, hasa kwa magari yenye kamera, na ni haki wenye magari hayo walipie tofauti hiyo kwa uwazi tangu mwanzo. Kinachouma zaidi ni kulipa ada nzima ukidhani kioo kimo, kisha ukaambiwa siku ya shida kwamba ulinunua mbuzi kwenye gunia.

Wapo pia wanaosema kwamba mkataba ni makubaliano ya watu wazima, aliyetia saini asome. Ningekubaliana nao kama hati zenyewe zingesomeka, na kama bima ya gari ingekuwa bidhaa ambayo serikali haina mkono ndani yake. Lakini serikali imo tangu zamani. Inamlazimisha kila mwenye gari kukata bima ndogo. Tanzania mdhibiti anaweka ada ya chini ambayo kampuni haziruhusiwi kushuka. Kenya, Sura ya 405 inaweka ukomo wa shilingi milioni 3 kwa kila mtu katika fidia za majeruhi na vifo. Yote hayo ni masharti yaliyoandikwa na sheria au mdhibiti katika mkataba wa watu wawili, na hakuna anayesema yameua biashara. Pale ambapo bei ya chini imewekwa na mdhibiti, mteja hawezi kutumia ushindani wa bei kujipatia nafuu kama angetaka, hivyo ana haki ya kuambiwa bei hiyo inamnunulia nini hasa. Isitoshe, askari wa usalama barabarani anaweza kulisimamisha gari lenye kioo kilichopasuka na kuliandikia faini kwa ubovu. Dola inayomtaka raia awe na kioo kizima haiwezi kusema kwamba namna ya kukipata kioo hicho haiihusu.

Pingamizi linalonigusa zaidi linatoka upande mwingine kabisa: magari mengi hapa yana bima ndogo tu, na kifungu cha lazima kwenye bima kubwa kitawanufaisha wenye uwezo. Ni kweli kwamba dereva wa bajaji au teksi ya mtandaoni mwenye bima ya laki moja na ushee hatafaidika na hili moja kwa moja. Kwake kuna mambo mawili yanayowezekana. Moja ni kuruhusu kioo cha mbele kiuzwe kama nyongeza ndogo juu ya bima ndogo, yenye ada yake, badala ya kumlazimisha mtu anunue ulinzi wa gari zima ili apate ulinzi wa kioo. Teksi inayozunguka mjini kutwa inakutana na mawe mengi kuliko gari la mtu anayelitoa Jumapili, na mwenye teksi ana sababu ya kununua nyongeza hiyo. La pili linahusu malori. Madai dhidi ya lori lililomwaga kokoto yanakwama kwa ushahidi, na ushahidi unaweza kurahisishwa: kanuni iseme kwamba lori lililokutwa na mzigo wa kokoto, mchanga au mawe usiofunikwa linahesabiwa kuwa na uzembe kwa kioo kilichovunjika nyuma yake hadi mwenyewe athibitishe vinginevyo, na bima yake ilipe. Siku hizi watu wengi wana kamera ndogo kwenye dashibodi. Picha yake ipokelewe kama ushahidi katika madai ya namna hii. Mwenye lori akijua bima yake itadaiwa na ada yake kupanda, turubai litanunuliwa.

Mengi ya haya hayahitaji sheria mpya. Kanuni ya malori ndiyo italazimika kupitia kwa waziri au Bunge, ila kifungu cha vioo, maneno yake ya chini na mahali pa kukiandika ni mambo ambayo mdhibiti anaweza kuyaweka kwa mwongozo kwa kampuni, kama anavyofanya kwa mengine. Hadi hapo, mwenye bima kubwa ambayo inakaribia kuisha ana nafasi mara moja kwa mwaka ya kuuliza kabla ya kulipa: kioo cha mbele kina kikomo gani, ekses yake ni ile ya ajali au ina yake, kuziba tundu kunalipwa, kamera inarekebishwa kwa gharama ya nani, vioo vya pembeni vimo au havimo, na vurugu za kisiasa zimelipiwa au hazijalipiwa. Wakala mzuri atakuwa na majibu yote bila kupekua. Yaandikwe kwenye barua pepe au kwenye hati yenyewe, kwa sababu likitokea la kutokea na madai yakakataliwa, mteja wa Tanzania atakwenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima na wa Kenya atakwenda IRA, na huko wote wataombwa maandishi.